Jiwe Jeusi Katika Nchi ya Barafu

Watoto wa Katanga wanayajua mawe. Wameokota malakiti ya kijani kando ya njia, wameona gari la moshi likipita na shaba, na wengi wana baba au mjomba aliyefanya kazi mgodini. Basi mtu akiwaambia kwamba mawe ya namna hiyo yako pia katika nchi ambako maji ya ziwa huwa magumu kama sakafu ya simenti, watauliza: Je, watu huyapataje? Nani anaweza kuchimba ardhi iliyoganda? Maulizo hayo ni mazuri. Majibu yake yamo katika habari ya jiwe moja jeusi, zito kama chuma, lililochimbwa Katanga na kuonekana baadaye katika kaskazini ya mbali ya dunia.

Ziwa la Dubu

Fungua ramani ya Amerika ya Kaskazini. Nchi kubwa iliyo juu ni Kanada. Tafuta upande wa kaskazini-magharibi, utaona ziwa lenye mikono mitano. Jina lake ni Great Bear Lake, maana yake Ziwa la Dubu Mkubwa. Dubu ni mnyama wa nchi za baridi, mwenye manyoya mengi na makucha marefu.

Ziwa hilo karibu linalingana na Ziwa Tanganyika. Tanganyika lina kilometa za mraba 32,900 hivi, na lile lina 31,000 hivi. Lakini kando ya Tanganyika kuna miji na vijiji vingi: Uvira, Kalemie, Moba, Bujumbura, Kigoma. Kando ya Great Bear kuna kijiji kimoja tu. Kinaitwa Déline, nacho ni cha Wadene, wenyeji wa nchi hiyo tangu zamani za kale. Wanaishi kwa kuvua samaki na kuwinda karibu, mnyama anayefanana na swala mkubwa mwenye pembe za matawi.

Mstari wa Aktiki hupita juu ya ziwa hilo. Karibu na mstari huo, mwezi wa Desemba, jua huchungulia kidogo adhuhuri kisha linazama. Mwezi wa Juni ni kinyume: usiku hauna giza, na mtu anaweza kusoma barua nje katikati ya usiku. Majira ya baridi baridi yaweza kufika digrii 40 chini ya ziro. Mtu akishika chuma kwa mkono mtupu, ngozi yake inagandamana nacho. Akikimbia mpaka atoe jasho, jasho linageuka barafu ndani ya nguo, na hapo yuko katika hatari ya kufa. Ziwa hufunikwa na barafu tangu mwisho wa Novemba hata Julai. Mashua hupata njia kwa miezi michache tu.

Jiwe lenye bei kubwa

Mwaka 1898, katika mji wa Paris, Marie Curie na mume wake Pierre walivumbua kitu kipya ndani ya jiwe jeusi la uraniumu. Walikiita radiumu. Kitu hicho hutoa miali isiyoonekana kwa macho, inayopenya mwili wa mtu. Waganga walianza kukitumia kwa kutibu saratani. Lakini radiumu ni haba mno. Katika tani tatu za uraniumu hupatikana gramu moja hivi ya radiumu, yaani chembe ndogo inayoweza kukaa juu ya ukucha. Ndiyo maana bei yake ilipita bei ya dhahabu mara nyingi sana.

Mwaka 1915 Mwingereza mmoja, Robert Sharp, aliona jiwe hilo mahali paitwapo Shinkolobwe, karibu na Likasi. Kazi ya kuchimba ilianza mwaka 1921. Jiwe la Shinkolobwe lilikuwa na uraniumu nyingi kupita mawe yote yaliyojulikana. Lilipelekwa Ubelgiji, katika kiwanda cha Olen, na huko radiumu ilitolewa tangu mwaka 1922. Kwa miaka michache hospitali za dunia karibu zote zilinunua radiumu kwa Wabelgiji, na Wabelgiji walitaja bei waliyoitaka.

Watafutaji wa Katanga nao walikuwa na shida zao: homa, mbung'o, njia ndefu za miguu. Lakini Katanga jiwe lililo juu ya ardhi linaonekana mwaka mzima, na gari la moshi lilikuwa limefika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tangu mwaka 1910. Aliyeona jiwe alijua njia ya kulitoa. Kaskazini ya Kanada mambo hayakuwa hivyo.

Maneno machache ndani ya kitabu

Mwaka 1900 Serikali ya Kanada ilimtuma mtaalamu wa mawe, James Mackintosh Bell, achunguze kando za Ziwa la Dubu. Alirudi akaandika taarifa yake. Kati ya mambo mengi alitaja kwamba upande wa mashariki ya ziwa majabali yana madoa ya rangi: kijani cha shaba na wekundu mwepesi wa kobalti. Basi. Taarifa iliwekwa kabatini, na kwa miaka karibu 30 hakuna aliyejali maneno hayo.

Aliyeyajali ni Gilbert LaBine. Alikuwa mtafutaji wa madini tangu ujana wake. Alikuwa amefanya kazi katika mji wa Cobalt, katika jimbo la Ontario, na huko alijifunza jambo moja: penye wekundu wa kobalti mara nyingi fedha haiko mbali. Mgodi wake wa dhahabu ulikuwa umekwisha, na kampuni yake ilibaki na pesa kidogo. Mwaka 1929 alikwenda kwenye Ziwa la Dubu kwa ndege. Alipokuwa akirudi alitazama chini, akaona majabali yenye rangi, kama Bell alivyoandika. Lakini majira ya baridi yalikuwa karibu. Hakuweza kukaa. Alirudi nyumbani akangoja mwaka mwingine.

Safari ya mwezi wa Mei

Hapa ndipo shida kubwa ya watafutaji wa kaskazini inapoonekana. Majira ya baridi mtu anaweza kwenda popote, kwa sababu ziwa na mito ni njia ngumu, lakini theluji imefunika mawe yote na giza ni refu. Majira ya joto mawe yanaonekana, lakini ardhi inakuwa matope na mabwawa, mbu wanakuja kama moshi, na asiye na mashua hapiti. Ziko wiki chache tu katikati, ambapo theluji imeanza kutoka juu ya majabali, na barafu ya ziwa bado inaweza kubeba mtu. Mtafutaji mwenye akili huvizia wiki hizo, kama mkulima anavyovizia mvua ya kwanza.

LaBine aliziwahi. Mwanzoni mwa mwaka 1930, barafu ingali nene, alishushwa na ndege juu ya ziwa pamoja na mwenzi wake, aliyeitwa St. Paul. Ndege ikaondoka. Wale wawili walibaki na hema, bunduki, vyombo vya kuvunjia mawe, na posho yao. Posho hiyo waliivuta juu ya sleji. Sleji ni gari lisilo na magurudumu. Chini yake kuna mbao mbili laini zinazoteleza juu ya theluji. Walivuta sehemu, wakaiacha, wakarudi kuchukua sehemu nyingine. Hivyo njia moja waliipita mara nyingi.

Dira haikuwasaidia sana. Wakati ule, kule sindano ya dira haikuelekea kaskazini ya kweli. Ilikwenda kando mbali, kwa sababu ncha ya sumaku ya dunia ilikuwa karibu. Walifuata ukingo wa ziwa.

Mwezi wa Mei kule jua linawaka karibu mchana na usiku. Mwanga hupiga theluji nyeupe na kurudi machoni, kama mwanga wa kioo. Mtu asiyefunika macho anaanza kutoa machozi, kisha anasikia maumivu kama mchanga umetiwa chini ya kope, na mwisho haoni kitu. Huo ni upofu wa theluji. Wenyeji wa kaskazini waliujua tangu kale, wakatengeneza miwani ya mti au mfupa, yenye ufa mwembamba tu wa kutazamia. Dawa ya upofu huo ni giza na kungoja: mgonjwa hukaa siku kadhaa, macho yamefungwa, mpaka yapone.

St. Paul alipatwa na upofu huo. Hebu wafikirie watu hao wawili. Kijiji kiko mbali sana, mganga hayuko, ndege haitarudi upesi, na mmoja amelala hemani bila kuona. LaBine angeweza kukaa karibu naye. Lakini wiki zile chache zilikuwa zikipita, na barafu ilikuwa ikilainika kila siku. Tarehe 16 Mei 1930 alimwacha mwenzake hemani, akatembea peke yake kando ya majabali.

Aliona madoa ya rangi. Aliona fedha. Kisha akaona mshipa mweusi ndani ya jabali. Alivunja kipande akakipima mkononi: kilikuwa kizito kuliko jiwe la kawaida la ukubwa ule. LaBine alikuwa amefundishwa kutambua mawe, akajua mara moja. Lilikuwa jiwe la namna ile ile ya Shinkolobwe. Tena, kama Shinkolobwe, lilikuwa pamoja na kobalti na shaba, kana kwamba mawe hayo ni ndugu wanaopenda kukaa nyumba moja.

Macho ya St. Paul yalipona. Maneno ya historia humtaja kidogo tu, lakini yeye ndiye aliyelipa bei ya kwanza ya jiwe hilo.

Kuona si kutoa

Sasa jiwe lilijulikana. Lakini jiwe lililo ndani ya jabali halimponyi mgonjwa. Kiwanda cha kutolea radiumu kilijengwa Port Hope, kusini ya Kanada, kando ya Ziwa Ontario, nacho kilianza kazi mwaka 1933. Toka ziwani mpaka mwisho wa njia ya gari la moshi, mashua zilipaswa kusafiri kilometa zaidi ya 2,000 juu ya mito na maziwa, tena kwa kupanda mito mirefu. Mahali pawili maji yaliporomoka juu ya miamba, mashua hazikupita. Pale mizigo yote ilishushwa, ikapelekwa kwa njia ya nchi kavu, ikapakiwa tena katika mashua nyingine. Na hayo yote yalipaswa kufanyika katika miezi michache ya maji wazi. Mashua iliyochelewa ilinaswa na barafu, ikalala huko mpaka mwaka mwingine. Mashua mbili za kampuni, za mwaka 1937, ziliitwa Radium King na Radium Queen, yaani Mfalme na Malkia wa Radiumu. Majina makubwa kwa mashua za kubeba magunia!

Ndege zilisaidia. Majira ya baridi zilifungwa mbao za kuteleza mahali pa magurudumu, na majira ya joto zilifungwa vyombo vya kuelea. Lakini barafu ilipokuwa ikivunjika, na tena ilipokuwa ikianza kushika, hakuna ndege iliyoweza kutua, wala juu ya barafu wala juu ya maji. Kwa wiki hizo watu wa mgodini walikuwa kama wafungwa. Na marubani wa nchi hizo walikuwa na kazi ya ajabu kila jioni: walitoa mafuta ya mashine ndani ya kopo, wakayaweka karibu na moto kama mama anavyoweka uji wa mtoto. Asubuhi waliifunika mashine kwa turubai, wakaipasha moto, kisha wakayarudisha mafuta. Rubani aliyesahau kufanya hivyo hakuruka.

Pamoja na shida zote hizo, mwaka 1936 kiwanda cha Port Hope kilifikisha wakia ya kwanza ya radiumu, yaani gramu 28 hivi. Wabelgiji hawakuwa peke yao tena. Bei ya radiumu ilishuka chini ya nusu, na hospitali nyingi zilipata kitu ambacho mbele hazikuweza kukinunua.

Ardhi iliyoganda

Watafutaji wa leo wana vyombo ambavyo LaBine hakuwa navyo. Ndege hupita juu ya nchi zikipima sumaku ya mawe yaliyojificha chini. Hata hivyo, mwisho wa yote ni lazima kutoboa ardhi na kutoa jiwe. Katika sehemu nyingi za kaskazini ardhi imeganda mita nyingi kwenda chini, nayo haiyeyuki hata wakati wa joto; udongo wa juu tu ndio unaolainika. Mashine ya kutoboa huhitaji maji ya kupoza ncha yake. Maji hayo huganda ndani ya tundu na kuikamata mashine kama mtego. Basi watu huyapasha moto na kuyatia chumvi, maana maji ya chumvi hayagandi upesi. Nyumba nayo ikijengwa juu ya ardhi hiyo bila uangalifu, moto wake huyeyusha udongo, na nyumba hutitia upande mmoja.

Watoto wa Mbuji-Mayi watapenda kujua kwamba almasi pia ziko kule. Charles Fipke na Stewart Blusson walizitafuta kwa miaka karibu kumi. Hawakutafuta almasi zenyewe, ila chembe ndogo za mawe mengine yanayofuatana nazo. Zamani sana mito ya barafu ilisukuma chembe hizo mbali na mahali zilipotoka. Watu hao walichota udongo hapa na pale, wakahesabu chembe, wakafuata njia ya barafu kinyumenyume mpaka Lac de Gras, na mwaka 1991 almasi zikapatikana. Mgodi wa Ekati ulifunguliwa mwaka 1998. Vyakula na mafuta ya migodi hiyo hupita juu ya maziwa yaliyoganda, katika njia ya barafu iliyoanza kutengenezwa mwaka 1982. Malori yenye mizigo huenda polepole sana, kwani lori likikimbia linaamsha wimbi katika maji yaliyo chini, na wimbi hilo laweza kupasua barafu. Mwaka 2006 joto lilikuja mapema, njia ikafungwa kabla ya mizigo yote kufika, ikabidi mingine ipelekwe kwa ndege.

Migongo ya Wadene

Wazee wa Wadene husimulia kwamba babu zao hawakupenda kupita mbele ya jabali lile. Walisema ni mahali pabaya, penye sauti. Lakini mgodi ulipofunguliwa, vijana wao walipata kazi ya kubeba. Magunia ya jiwe, ya kilo 45 hivi, waliyapakia na kuyashusha kwa mabega na migongo, mashua kwa mashua, pale maji yalipoporomoka. Vumbi liliingia nguoni na puani. Wengine walilala juu ya magunia safarini. Wake zao walishona mahema kwa magunia yaliyokwisha kazi.

Miali ile ile inayoua saratani yaweza pia kuileta. Tangu miaka ya 1930 wataalamu wa Serikali waliandika kwamba vumbi la jiwe hilo ni la hatari. Wadene wanasema kwamba wao hawakuambiwa neno. Katika Shinkolobwe pia watu walilichagua jiwe hilo kwa mikono mitupu.

Mgodi wa Ziwa la Dubu ulifungwa mwaka 1940, kwa sababu vita vilizuia biashara. Mwaka 1942 ulifunguliwa tena, lakini sasa haikutafutwa radiumu. Marekani ilitaka uraniumu kwa kutengeneza bomu. Uraniumu nyingi zaidi ya kazi hiyo ilitoka Shinkolobwe, na nyingine ilitoka Ziwa la Dubu. Mwezi wa Agosti 1945 mabomu mawili yaliangushwa juu ya miji ya Ujapani, Hiroshima na Nagasaki, na watu wengi mno walikufa. Uchimbaji wa uraniumu ulikoma Shinkolobwe na Ziwa la Dubu katika mwaka ule ule, 1960.

Miaka ilipita. Huko Déline wanaume waliobeba magunia walikufa mmoja mmoja, wengine kwa saratani, hata watu wakakiita kijiji cha wajane. Serikali ya Kanada na Wadene walichunguza pamoja, wakamaliza mwaka 2005. Haikuthibitika kwamba magonjwa hayo yalitoka kwa jiwe, na wengi kijijini hawakutulia moyo.

Lakini kabla ya hapo, mwezi wa Agosti 1998, Wadene kadhaa walipanda ndege kwenda Hiroshima. Hawakuwa wametengeneza bomu, wala hawakujua jiwe lilikwenda kufanya kazi gani. Walikuwa wamelibeba tu. Walikwenda kwa wazee wa mji ule walioponea chupuchupu, wakawaomba msamaha.

Maulizo

1. Kwa nini watafutaji wa kaskazini walivizia wiki chache za mwezi wa Mei?
2. Upofu wa theluji hutoka wapi? Wenyeji waliuzuiaje?
3. LaBine aliona rangi gani juu ya majabali? Zilimfundisha nini?
4. Kwa nini ndege haikuweza kutua barafu ilipokuwa ikivunjika?
5. Mbebaji mmoja alishusha magunia 60 kwa siku. Kila gunia lilikuwa na kilo 45. Alishusha kilo ngapi?
6. Onyesha katika ramani Shinkolobwe, Ziwa la Dubu na Hiroshima.